Nafasi Kwenye Kamba

Kila asubuhi Marieta alianza kuvaa kabla shangazi yake hajawasha jiko, kwa sababu kuvaa kulimchukua muda. Alianza na mkono wa kushoto. Aliusukuma ndani ya shati kwa kutumia ule wa kulia, kama mtu anayemvisha mdogo wake, akalivuta shati mpaka begani, ndipo mkono wa kulia ukapata zamu yake. Vifungo alivimudu vizuri tu. Kisha alikunywa uji usio na sukari, maana miaka ile sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa, akachukua daftari zake na kwenda shule.

Mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi kidogo kuliko mwenzake. Haukunyooka kabisa kwenye kiwiko wala haukupanda kupita bega. Vidole viliweza kushika kijiko, lakini vilichoka upesi, na upande wa nje, kuanzia kiwikoni hadi kidole cha mwisho, ngozi haikuwa na habari na dunia. Siku moja aliuegemeza kwenye sufuria ya moto, akanusa harufu ya kuungua kabla hajajua kwamba anayeungua ni yeye. Alikuwa hivyo tangu kuzaliwa. Mama yake alishikwa na uchungu njiani kwenda zahanati, mvua inanyesha, bega la mtoto likakwama, na waliomsaidia walifanya walichoweza.

Shuleni kila mtu alimhurumia, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Wenzake walipokwenda mchakamchaka, mwalimu wa zamu alimwambia, "Marieta, wewe kaa, utulindie masweta." Wakati wa kulima bustani aliambiwa, "Marieta, wewe kaa." Kwenye netiboli alikalishwa ahesabu magoli, na magoli ya darasa la sita hayakuwa ya kuhitaji mhesabuji. Hakuna aliyemcheka. Ila tangu aanze shule hakuwahi kuchaguliwa na mtu kuwa mwenzake katika jambo lolote linalohitaji watu wawili. Jioni alirudi nyumbani, akakaa tena peke yake, mpaka shangazi Tereza, aliyeishi naye mjini Musoma, aliporudi kutoka soko la Mwigobero ananuka dagaa na amechoka kuongea.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kijijini kwao. Kila likizo alivuka ziwa kwenda kwa mama yake huko Kisirambi, kwenye rasi. Siku hizo kokoro lilikuwa bado halijapigwa marufuku. Kila asubuhi wavu ule mrefu ulizungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu wakajipanga ufukweni pande mbili, wakashika kamba na kuuvuta nchi kavu. Wanaume, wanawake, watoto waliomaliza kazi za nyumbani, yeyote aliruhusiwa. Sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote: aliyeshika kamba tangu mvuto wa kwanza mpaka mfuko wa kokoro ulipolala mchangani, ana fungu lake la samaki. Awe mzee au mtoto, fungu ni fungu. Aliyeachia njiani hana kitu, na aliyetazama hana kitu.

Likizo iliyopita Marieta alijaribu kushika kamba kama wengine. Mkono wa kushoto uliteleza, akaanguka kifudifudi, waliokuwa nyuma yake wakajikwaa, kamba ikalegea na samaki wengi wakapita chini ya wavu. Mzee Eliasi, mwenye kokoro, hakumgombeza. Alipomaliza kugawa alimwita, akamrushia sato wawili.

"Chukua, mjukuu wangu. Wewe ukaage pale kivulini, sisi tutakupatia tu."

Gati, binti wa mama yake mkubwa, aliyekuwa wa rika lake, alikuwa ameshika ungo wenye fungu lake mwenyewe. Aliwaangalia wale sato wawili, kisha akaangalia pembeni. Marieta angependelea atukanwe.

Aliporudi mjini alikuwa na jambo moja tu kichwani: likizo ya Desemba lazima ashike kamba, mpaka mwisho.

Njiani kutoka shule kulikuwa na ua wa fundi Hamduni, mchomeleaji wa vyuma. Kazi zilipopungua kwa kukosekana vipuri, Hamduni alichukua gia za matrekta mabovu, akazichomelea kwenye nondo nene, akatengeneza na benchi la mbao, na jioni vijana wa mjini wakawa wanakuja kunyanyua. Waliuita ua ule jimu. Bila shaka ilikuwa jimu pekee Musoma yenye mbuzi ndani yake.

Mchana mmoja Marieta alimkuta Hamduni anapaka rangi geti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umetumwa?"

"Hapana. Nataka kunyanyua vyuma."

Hamduni aliweka brashi chini. Alimtazama uso, kisha mkono, kisha uso tena. Marieta alikuwa ameizoea safari hiyo ya macho.

"Hapa wanakujaga wanaume tu," Hamduni alisema.

"Basi nitakuja wakati hawapo."

Mwanaupe, mke wa Hamduni, alikuwa barazani anakaanga vitumbua. Alicheka. "Mwache aje mchana. Mimi si nipo hapa? Nitamwangalia."

Hamduni alijikuna kidevu. "Sikiliza, binti. Mimi nakijua chuma. Mkono wa mtu siujui. Huo wako uende kwanza hospitali, kuna watu wa mazoezi ya viungo pale, wakwambie ufanye nini na usifanye nini. Shangazi yako naye akubali. Halafu hapa hakuna kunyanyua peke yako, hata siku moja. Hata hao wenye shingo kama fahali lazima mwenzao asimame karibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Siku iliyofuata alirudi. "Nimeenda hospitali," alisema. "Wamesema nifanye tu, ila polepole. Shangazi naye amekubali."

Hakuwa ameenda popote. Alifika mpaka kwenye geti la hospitali, akawaona wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi, na akalisikia jibu kabla hajauliza: wewe kaa. Akageuka. Uongo ule ulimtoka kwa urahisi mpaka ukamtisha mwenyewe.

Hamduni alimpa kipande kidogo cha chuma cha mkono wa kulia, akamfundisha kuchuchumaa na kuinuka mgongo ukiwa umenyooka. Mwanaupe alimhesabia kwa sauti huku anageuza vitumbua, na akawa anakosea hesabu makusudi ili amchekeshe. Ilikuwa raha ya ajabu, kutazamwa unafanya kitu badala ya kutazamwa umekaa. Lakini kila Mwanaupe alipouliza, "Shangazi hajambo? Anasemaje kuhusu mazoezi?" Marieta aliinama akajifanya anafunga kiatu. Rafiki alikuwa amempata, na hapohapo akawa amemfungia mlango.

Ikabaki miezi miwili tu kufika Desemba. Mkono wa kulia ulipata nguvu, miguu nayo ikapata. Wa kushoto ulibaki vilevile. Uliishika nondo, na nondo ikianza tu kupanda, vidole viliachia. Marieta akaona kamba ya kokoro haitavisubiri vidole vyake.

Ijumaa moja Mwanaupe alisafiri kwenda Bunda kwenye msiba, na Hamduni akaitwa Buhemba kutengeneza mtambo wa wachimbaji dhahabu. Geti lao lilifungwa kwa waya tu. Marieta alijua kwamba ndani hakuna mtu, na ndiyo maana aliingia.

Mfukoni alikuwa na uzi wa nyavu, alioutoa kwenye kapu la shangazi. Kwao kwenye rasi, kitu kisichoshika hufungwa. Kasia linalocheza hufungwa, boya hufungwa, hata mtoto anayevushwa ziwa siku ya upepo hufungwa kiunoni. Na wana fundo lao ambalo likivutwa linazidi kukaza. Hiyo ndiyo sifa yake. Mtoto wa mjini asingelijua fundo hilo. Marieta alilijua kabla hajajua kusoma.

Alichagua nondo ya wale wenye shingo kama fahali. Aliweka kiganja cha kushoto juu yake, akazungusha uzi, na kwa meno na mkono wa kulia akalifunga fundo lile barabara. Akajaribu kutikisa. Kiganja hakikutoka. Alitabasamu peke yake, akachuchumaa, akavuta. Nondo ilipanda mpaka magotini, ikapanda mpaka kiunoni, na kwa muda wa pumzi moja Marieta alisimama wima ameshika chuma kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Kisha mkono wa kulia ukachoka. Upande ule ukashuka, nondo ikapinduka, na uzito wote ukauning'inia mkono wa kushoto, ambao haukuweza kuachia kwa sababu ulikuwa umefungwa. Bega likavutwa. Moto ukampita mpaka shingoni, akaanguka chini pamoja na nondo.

Bega liliuma mpaka machozi yakamtoka. Kiganja hakikuuma hata kidogo, na hicho ndicho kilichomwogopesha, kwa sababu alipokitazama aliona uzi umezama kwenye ngozi na vidole vinageuka rangi ya zambarau. Alilijaribu fundo kwa kucha, akalijaribu kwa meno. Lilikuwa fundo zuri mno. Akajaribu kuburuta nondo kuelekea getini, gia zikachimba udongo zikagoma. Mbuzi wa Mwanaupe alikuja, akamnusa, akaenda zake.

"Nisaidieni!" alipiga kelele. "Nisaidieni jamani!"

Lakini upande wa pili wa ukuta palikuwa na mashine ya kusaga. Dizeli ilikuwa imepatikana siku hiyo baada ya kuadimika, na watu walipanga foleni na madebe yao ya mahindi na mtama. Mashine ilinguruma, ikameza kila neno lake. Marieta aliita mpaka koo likakauka. Basi akanyamaza, akakaa kati ya vyuma, akaelewa kwamba hakuna mtu duniani anayejua alipo. Shangazi alidhani yuko nyumbani. Hamduni alidhani wataalamu wa hospitali wanamjua. Wataalamu wa hospitali hawakujua hata kama amezaliwa. Ulikuwa uongo mdogo tu, na ulikuwa umewafungia watu wote nje.

Ghafla mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Dizeli imekwisha.

"Sasa sisi tumesimama hapa tangu asubuhi kwa ajili gani?" mwanamke mmoja alifoka upande wa pili.

Marieta alikusanya sauti iliyobaki. "Mama wee! Nakufa huku!"

Malalamiko yakakatika. "Ni mtoto huyo," mtu akasema. Wenceslaus, mwendesha mashine, aliruka ukuta akiwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alichomoa kisu cha kufungulia magunia, akapitisha ncha chini ya uzi kwa uangalifu, akakata. Rangi ikaanza kurudi kwenye vidole taratibu. Marieta aliiona inarudi, kuisikia hakuisikia.

"Nani amekufunga hivi?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Wenceslaus alirudisha kisu mfukoni. Alimpakia kwenye baiskeli yake akamkimbiza hospitali, na yule mwanamke aliyekuwa anafoka akaacha debe lake kwenye foleni, akauliza Marieta ni mtoto wa nani, akashuka Mwigobero kumwita shangazi Tereza.

Jeraha lilioshwa, bega likafungwa kitambaa, na kwa bahati hakuna mfupa uliovunjika. Asubuhi yake shangazi alimrudisha hospitali, safari hii kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu aliyekuwepo aliitwa Bi Kijakazi, mama mnene mwenye sauti ya chini.

"Fumba macho," alimwambia Marieta. "Kila nikikugusa, sema."

"Hapo," alisema Marieta. "Hapo. Na hapo." Kisha akasubiri, akasubiri sana. "Bado hujanigusa tena?"

"Nimeshakugusa mara nyingi," Bi Kijakazi alijibu taratibu. "Fumbua macho. Nani alikuruhusu kunyanyua vyuma na mkono wa namna hii?"

"Si yule Hamduni!" shangazi aliruka. "Anachukua mtoto wa watu anamvunja! Leo atanitambua!"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Marieta angenyamaza tu, lawama zote zingemwendea Hamduni, na watu wangemhurumia yeye kama kawaida.

"Hapana, shangazi. Fundi aliniambia nije hapa kwanza, na nikuombe wewe ruhusa. Aliniambia nisinyanyue peke yangu. Nilimdanganya. Nilimwambia nimekuja, na kwamba umekubali."

Shangazi Tereza alimgeukia. "Kwa nini hukuniambia? Mficha maradhi kilio humuumbua, Marieta. Jana kidogo nilie mimi."

"Niliogopa mtaniambia nikae."

"Nani angekwambia ukae?" Bi Kijakazi aliuliza kwa mshangao. "Mkono kama huu ukikaa ndipo unapokakamaa. Ungekuja siku ile fundi alipokutuma, ningekuanzishia mazoezi siku hiyohiyo."

Marieta alimtazama. Alikuwa amelikimbia jibu ambalo hakulisikia, na jibu lenyewe lilikuwa ndiyo.

"Nikifanya mazoezi nitapona?" aliuliza.

Bi Kijakazi hakuharakisha. Alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Hapana. Mishipa ya fahamu ya bega lako ilivutwa siku uliyozaliwa, na mingine ikakatika. Iliyoweza kupona ilipona ulipokuwa mchanga. Utaongeza nguvu, utaongeza kunyooka, lakini mkono huu hautakuwa kama ule. Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya, na naona uongo umeshakutesa vya kutosha."

Marieta alilia. Hakuwa amejua kwamba miaka yote alikuwa akiusubiri mkono ule upone. Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alisogea akamshika kiganja cha kushoto, na Marieta hakujua kwamba ameshikwa mpaka alipotazama.

Alipotulia, Bi Kijakazi alichukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakizungusha kwenye nguzo ya kitanda, akampa ncha zote mbili azivute kidogokidogo. "Huu ukichoka unauachia, nao unarudi wenyewe bila kukudhuru. Ndiyo maana tunaanza nao. Vyuma vije baadaye, vyepesi, na usijifunge kwenye kitu chochote, kamwe. Mikono mingine hupiga kelele ikiumia. Wako haupigi, kwa hiyo utautazama kwa macho, kabla ya mazoezi na baada. Bega likiwaka, acha, hata kama umebakiza kidogo. Na mtu awepo karibu." Alimwangalia. "Lakini hizo nguvu unazitaka za nini hasa?"

"Kuvuta kokoro."

"Mimi kwetu Pangani, hilo kokoro lenu silijui. Linavutwa na nini?"

"Mikono."

"Mikono tu? Miguu inafanya nini?"

Marieta alifikiri. Aliwaona kina mama wa Kisirambi wameegemea nyuma, visigino vinachimba mchanga, wanarudi kinyumenyume. Mikono yao ilishika tu. Iliyovuta ilikuwa miguu.

"Inatembea," alisema.

"Basi tuifundishe kutembea na mzigo."

Hamduni aliporudi kutoka Buhemba, Marieta alikwenda kumwomba radhi, shangazi yake akiwa nyuma. Hamduni alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua chuma chake kwa tupa.

"Kwa hiyo uliposema hospitali wamesema polepole, ulikuwa unatunga."

"Ndiyo, fundi. Nisamehe."

"Ungefia hapa, watu wangesema Hamduni kaua mtoto wa watu. Na mimi ningekubali, maana nilikufungulia mlango." Aliweka tupa chini. "Nimekusamehe. Lakini bega lipone kwanza, na siku ya kurudi ulete maneno ya huyo mama wa hospitali kwa mdomo wa shangazi yako. Wa kwako bado sijauamini."

Maneno hayo yalimchoma, na yalikuwa haki yake. Alingoja nyumbani mpaka bega likapoa, akivuta mpira wake mlangoni shangazi akiwepo. Aliporuhusiwa kurudi uani, Mwanaupe alimhesabia kama zamani, ila bila mizaha. Ilichukua muda mzaha wa kwanza kurudi, na Marieta hakumlaumu mtu.

Desemba alivuka ziwa. Asubuhi ya kwanza ya kokoro alimwendea Mzee Eliasi mbele ya wavutaji wote.

"Shikamoo, babu. Naomba kushika kamba. Mkono huu hauna nguvu, na sehemu nyingine hausikii. Nitavuta kwa miguu na huu wa kulia, wa kushoto utaishikilia kamba kidogo tu. Nitakaa mwisho kabisa, ili nikianguka nisimwangushe mtu. Na bega likiwaka, nitaachia."

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia mvutaji anatangaza kwamba ataachia.

"Ukiachia, sheria unaijua," Mzee Eliasi alisema.

"Naijua."

"Haya, shika."

Gati alikuwa mbele yake kwenye kamba. Mvuto wa kwanza ulipoanza, Marieta aliegemea nyuma, akakanyaga, akarudi, akakanyaga tena. Kamba ilisogea, na ilisogea naye. Watu walianza wimbo wa kuvutia, na kwa mara ya kwanza aliuimba akiwa ndani yake. Maboya yakakaribia. Ndege wa ziwani wakaanza kuzunguka juu ya mfuko.

Ndipo bega likaanza kuwaka. Kidogo kwanza, kisha vizuri. Alitazama kiganja cha kushoto: kamba ilikuwa imekichubua, nyama nyekundu inaonekana, na yeye hana habari. Mfuko haukuwa mbali. Bado kidogo tu, alijiambia, kidogo tu, halafu fungu ni langu. Alikuwa akilisubiri fungu lile tangu likizo iliyopita. Alilisubiri katika kila mchakamchaka alipolinda masweta.

"Naachia!" alisema.

Alitoka kwenye kamba, akakaa mchangani. Mstari ukaendelea kurudi bila yeye. Wimbo nao ukaendelea. Hakuna aliyemtazama, na uchungu uliomjaa hapo ulikuwa mkubwa kuliko wa bega. Alikuwa amefanya sawasawa alivyofundishwa, na malipo yake ni kukaa.

Gati aligeuza shingo. "Umechoka kabisa, ama unapumzika?"

"Bega linawaka. Likipoa ningeweza kurudi."

Gati alivuta hatua chache. Kisha akapaza sauti. "Babu Eliasi! Si kunakuwaga na kupokezana?"

"Kupo. Kina mama wenye watoto wachanga walikuwaga wanapokezana. Nafasi moja, fungu moja."

"Basi mimi na Marieta ni nafasi moja."

"Gati, utapata nusu," mtu mmoja alimwonya.

"Najua kugawanya," Gati alijibu. Akamgeukia Marieta, akashusha sauti. "Na mimi huwa nachoka. Naogopaga tu kusema."

Marieta alifunga kiganja chake kwa kipande cha khanga, akapumzika mpaka bega likapoa. Kisha akaingia mahali pa Gati, Gati akatoka akaanguka chali mchangani, anahema na kucheka. Mfuko ulipolala nchi kavu, Marieta ndiye aliyekuwa ameshika.

Mzee Eliasi aliwapa fungu moja: sangara mdogo na furu wachache. Waligawana kwa kisu. Nusu ya Marieta ilikuwa ndogo kuliko chochote alichowahi kurushiwa, na aliibeba mpaka nyumbani bila kumwachia mtu aishike.

Mama yake alipika, akasikiliza habari yote tangu Musoma, na habari ilipofika kwenye uzi wa nyavu aliziba mdomo kwa mkono.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "siku uliyozaliwa niliuona mkono wako umelala, nikaapa hautaumia tena. Ndiyo maana nilikukalisha. Nilikosea, maana mwili hautunzwi kwa kukalishwa. Lakini na wewe ulikosea. Ulitafuta nguvu kwa siri na kwa uongo, ukajikuta huna mtu. Leo umewaambia watu ukweli: hapa naweza, hapa naishia. Mtu asipojua unapoishia, atakupokea wapi? Fanya mazoezi, usiache. Ila uusikilize mwili wako, na usifiche hali yako kwa wale wanaoweza kukusaidia."

"Sitaficha, mama."

Mama alimsogezea bakuli. "Kesho unaenda tena, ama unapumzika?"

"Napumzika, bega lipoe. Keshokutwa naenda." Marieta aliweka kijiko chini, kwa sababu alitaka kulisema vizuri. "Gati amesema nimpitie. Amesema nisipompitia, na yeye haendi."